Viti Vinavyoamua Kyela Havipigiwi Kura

Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, Watanzania walio ughaibuni wakikutana huzungumza jambo moja. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kilizuiwa kushiriki uchaguzi. Mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Intaneti ikazimwa, waandamanaji wakapigwa risasi, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura. Hasira iliyofuata ni ya haki, na anayewaambia wananchi wasahau anawanyima waliofiwa hata ruhusa ya kuuliza. Lakini swali la nani akae Ikulu limemeza swali jingine ambalo kwa mkulima wa kokoa wa Makwale, wilayani Kyela, lina uzito ule ule: nani anaitawala Kyela, na akiharibu, nani wa kumwondoa? Chama kikibadilika Dodoma kesho, mpangilio ukabaki huu uliopo, Makwale bado haitakuwa na serikali inayowajibika kwake.

Tutazame fedha. Makwale ni kata ya mpunga, kokoa na michikichi. Kokoa ikiuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), halmashauri hutoza ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Uamuzi huo ulifanywa Dodoma, ingawa pengo lililobaki lilikuwa la halmashauri. Mwaka 2024, bei ya kokoa katika soko la dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, hata asilimia 3 haikuwa haba. Iende kwenye zahanati, kwenye kalavati au kwenye posho? Kwa sheria, hilo ni la baraza la madiwani. Lakini anayeandaa bajeti, kusimamia watumishi na kuidhinisha malipo ni Mkurugenzi Mtendaji, na huyo huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya naye huteuliwa na Rais; ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Diwani aliyepigiwa kura amebanwa kati ya wawili hawa. Anaweza kuhoji, anaweza hata kushawishi baraza lipitishe azimio, ila kumwajiri au kumfukuza yeyote kati yao hawezi. Ndiyo maana barabara iliyokatwa na mafuriko ya masika haidaiwi kwa diwani, bali huombwa kwa kiongozi wa kitaifa anapopita ziarani, kwa mabango na kwa bahati.

Mpangilio huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1972 serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilifuta halmashauri za wilaya na kuweka watumishi wa serikali kuu mahali pake. Hatua hiyo ikaitwa madaraka mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984, mwaka ule ule ambao Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema vyombo hivi vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mwaka mmoja baada ya meya wake wa CHADEMA, Isaya Mwita, kung'olewa. Sababu iliyotolewa, ya kupunguza gharama, huenda ilikuwa na mashiko, lakini hakuna mpiga kura aliyeulizwa.

Vyama navyo vimeifunga njia ya chini kabisa. Katika uchaguzi wa vijiji na vitongoji wa mwaka 2014, upinzani ulipata maelfu ya viti. Mwaka 2019, baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vilisusa na chama tawala, CCM, kikachukua zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 matokeo yakawa karibu yale yale. Msimamizi mara zote alikuwa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ambayo mwaka 2019 na 2024 ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama kinachoshinda. Jambo linaloumiza zaidi ni hili: mtu anayeaminiwa na kitongoji kizima hawezi kugombea uenyekiti wake bila kadi ya chama. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya ya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Kyela kwetu, aliipigania haki ya mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya tisini. Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa ushindi. Hukumu hiyo haijatekelezwa, na yeye alifariki Oktoba 2015 bila kuona matunda yake.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuiondoa CCM kwanza, mengine yatafuata. Watazame ng'ambo ya Mto Songwe, kwa ndugu zetu wa Karonga. Malawi imebadilisha vyama madarakani mara kadhaa. Mwaka 2020 mahakama ilifuta uchaguzi wa rais, na kura iliporudiwa aliyekuwa madarakani akashindwa. Ni mafanikio ambayo Tanzania haijayafikia. Lakini Malawi hiyo hiyo ilikaa tangu 2005 hadi 2014 bila madiwani wa kuchaguliwa. Bingu wa Mutharika na Joyce Banda, ambao mwishowe walikuwa katika vyama tofauti, wote walitawala vijiji visivyo na diwani. Serikali kuu haiachii madaraka kwa sababu tu imebadilisha rangi ya bendera ya chama.

Wengine watataja Kenya: kaunti 47 zilizoanza mwaka 2013, na wizi ukahamia kwa magavana. Ni kweli, wizi upo. Lakini Seneti ilimwondoa Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo, tena kwa mashtaka yaliyosikilizwa hadharani. Mkurugenzi wa Kyela akihamishwa, anahamishwa kwa tangazo la Ikulu, na wananchi hawaambiwi alikosa nini. Kuhusu hofu ya ukabila, halmashauri ya wilaya haina jeshi wala mamlaka juu ya mpaka wa nchi. Inasimamia shule, zahanati na ushuru wa kokoa. Pingamizi lenye nguvu kweli ni la umaskini: halmashauri nyingi hutegemea ruzuku ya Hazina, na anayelipa huamuru. Kwa hiyo mgao wa fedha lazima uandikwe kikatiba, kama Kenya ilivyoweka kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu kwa kaunti zote, usitegemee hisani ya bajeti ya mwaka.

Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilizama katika mjadala wa serikali mbili au tatu, na serikali za mitaa zikaachwa pembeni kama jambo lisilo la Muungano. Sisi tulio nje hatuna kura ya kupiga kutoka huku, lakini jumuiya zetu za watu wa nyumbani zitaandika maoni mjadala wa Katiba utakapofunguliwa tena. Tuandike kwamba mkurugenzi aajiriwe na baraza la madiwani kwa ushindani wa wazi, na baraza hilo liweze kumfukuza. Kwamba uchaguzi wa vijiji utoke TAMISEMI. Na kwamba mwanakijiji wa Makwale agombee uenyekiti wa kitongoji chake kwa jina lake mwenyewe.