'Free' ya forodhani si bure

KIGALI. Neno 'free' limeenea mipakani kuliko sarafu yoyote ya ukanda huu. Liko kwenye mabango ya Rusumo, kwenye ankara zinazotoka Guangzhou na kwenye mazungumzo ya mawakala wa forodha pale Gatuna. Mfanyabiashara aliyesoma Kifaransa shuleni, au ambaye hakusoma kabisa, huliokota na kulitafsiri papo hapo: bure. Akifika dirishani anapewa hesabu ya kulipa, na ugomvi unaanzia hapo.

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina, kwa sababu kimeligawa neno hilo mara mbili. Asiyezuiwa ni huru, na kisicholipiwa ni cha bure. Kifaransa nacho kina 'libre' na 'gratuit', na Kinyarwanda hakichanganyi ubwisanzure na kitu kinachotolewa ku buntu. Mwingereza pekee ndiye anayetumia neno moja kwa mtumwa aliyefunguliwa minyororo na kwa kikombe cha chai kisicholipiwa. Sisi tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nyaraka zake tumeurithi mkanganyiko huo pamoja na mihuri.

Chukua 'free trade'. Tafsiri yake ni biashara huru, yaani biashara isiyowekewa vizuizi vya ushuru na viwango vya kiasi. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulitiwa saini papa hapa Kigali Machi 21, 2018, na aliyeuita 'huru' kwa Kiswahili alifanya kazi nzuri. Hakuna ibara ndani yake inayosema bidhaa itapita bila kulipiwa chochote.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, na ndio unaokula mitaji, uko kwenye 'duty free'. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya EAC ilitiwa saini mwaka 2004, na Rwanda ilianza kuitumia Julai 2009. Inaondoa kitu kimoja tu: ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. 'Duty' ni huo ushuru. Kodi nyingine hazimo.

Tuseme mama mmoja wa Kimironko ameleta sabuni iliyotengenezwa Uganda, yenye thamani ya faranga 1,000,000 kwa hesabu ya forodha. Ana cheti cha uasili, hivyo ushuru wake ni sifuri. Lakini VAT, au TVA kama wengi wa Kigali walivyoizoea, ni asilimia 18, kwa hiyo anatakiwa faranga 180,000. Asipokuwa na cheti cha kutodaiwa kodi, anaweza pia kukatwa asilimia 5 inayohesabiwa kwenye kodi yake ya mapato. Huyu aliyeondoka nyumbani akijua mzigo ni 'free' na kubeba nauli tu, sabuni yake italala mpakani hadi apate fedha, na mara nyingi atazikopa kwa masharti ya mwenye kukopesha.

Aliyesajiliwa kwa VAT atairudisha hiyo 180,000 kwenye hesabu zake akishauza. Asiyesajiliwa haidai popote, na lazima aiweke kwenye bei ya kipande. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya wauzaji wawili wa soko moja wauze sabuni ileile kwa bei tofauti, kisha mmoja amshuku mwenzake kuwa anapitisha mzigo kwa njia za panya.

Mahindi mabichi, maharage na mazao mengine ambayo hayajasindikwa yana nafuu zaidi, kwani sheria ya Rwanda imeyasamehe VAT. Hapo 'free' inakaribia kweli kuwa bure, ingawa vibali vya afya ya mimea vinabaki palepale.

Kuna sharti jingine ambalo neno 'free' halilitaji. Sifuri ya EAC inafuata asili ya bidhaa. Mahali iliponunuliwa hapahesabiwi. Mchele wa Pakistan uliofungashwa upya Dar es Salaam kwenye mifuko yenye maandishi ya Kiswahili unabaki kuwa wa Pakistan, na mchele umo kwenye orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa viwango vya juu kuliko vya kawaida. Kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000 za Marekani na ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, kipo Cheti Rahisi cha Uasili kinachojazwa mpakani kwenyewe. Cheti hicho ndicho cha bure kwa maana ya Kiswahili. Anayekudai fedha za karatasi hiyo muulize risiti.

Masoro nako kuna somo. Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali lilizaliwa kwa kuunganisha eneo la viwanda na lile lililoitwa 'Free Trade Zone', na wazee wa biashara bado wanaliita kwa jina la zamani. Katika maeneo ya namna hii bidhaa huwa huru kwa maana ya kutotozwa ushuru zikiwa ndani ya uzio, ama zikisafirishwa nje. Zikiuzwa kwenye soko la Jumuiya zinahesabiwa kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Kwa hiyo bei nzuri uliyotajiwa getini iulize swali moja: ni kabla au baada ya ushuru?

Wanaoagiza kutoka Asia wanakutana na 'Free on Board', ile FOB ya kwenye ankara. Maana yake ni kwamba muuzaji amekamilisha wajibu wake mzigo ukishapakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Yeye ndiye aliye huru kuanzia hapo. Nauli ya meli, bima, tozo za bandari ya Dar es Salaam na lori la zaidi ya kilomita 1,400 hadi Kigali ni juu yako. Na forodha haikadirii ushuru kwa bei hiyo ya FOB peke yake, bali inaongeza nauli na bima. Hata sampuli iliyoandikwa 'free of charge', bei sifuri kabisa, hutafutiwa thamani, kwa sababu kwa afisa wa forodha zawadi nayo ni bidhaa.

Kiswahili chetu nacho kina mitego. 'Bure' ni kisicholipiwa, lakini pia ni kazi isiyo na faida: nimehangaika bure. Tena mtu akisema 'si bure', anashuku kuna jambo limefichwa. Nadhani ndiyo sababu tangazo la 'duty free' likitafsiriwa vibaya humfanya msomaji amwone afisa mwizi, hata pale anapodai kodi iliyo halali.

Chanzo kinajulikana. Mkataba wa EAC wa 1999, ibara ya 137, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiacha Kiswahili kikuzwe kama lugha ya mawasiliano. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi rasmi mwaka 2017, na mkutano wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 ukataka Kiswahili na Kifaransa vitumike pia katika Jumuiya. Lakini fomu nyingi anazosukumiwa mfanyabiashara dirishani bado zinafikiri kwa Kiingereza.

Limebaki la wanaotaka kuhamia. 'Free movement' inakuruhusu kuvuka kati ya Rwanda, Uganda na Kenya kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Kufungua duka au kuajiriwa ni suala jingine, linalohitaji kibali. Mnyarwanda anayekwenda Nairobi, au Mkenya anayekuja Kigali, halipii ada ya kibali cha kazi. Hata hivyo lazima akiombe na asubiri jibu. Hicho ni cha bure, ila hakijamfanya awe huru kuanza kazi Jumatatu.