Masizi Hayayeyuki: Sayansi ya Kuosha Brashi ya Wino

Tumbukiza brashi yenye wino mweusi kwenye glasi ya maji uitikise. Maji yatakuwa meusi, nawe utadhani wino umeyeyuka. Haujayeyuka. Weusi wa wino wa Kichina, sawa na ule wa Kihindi, ni masizi, yaani kaboni, nayo haiyeyuki kwa maji, spiriti wala sabuni. Chembe zake ndogo mno huelea majini kwa sababu zimevikwa gundi. Basi mwosha brashi hashindani na weusi, anashindana na gundi, na gundi zenyewe hazifanani tabia.

Wino wa kijiti, ule unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, hushikanishwa na gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Hata ikikauka, maji huilainisha tena. Ndiyo maana waandishi wengi wa hati za brashi China na Japani huosha kwa maji matupu. Wino wa Kihindi wa chupa mara nyingi hutiwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa mitini huko India na Thailand. Ndani ya chupa shelaki imeyeyushwa kwa boraksi au amonia, lakini ikishakauka, maji hayaiwezi. Bill Watterson alichora katuni za Calvin and Hobbes kwa wino wa Kihindi na brashi ndogo ya nywele. Mchoraji wa aina hiyo haachi brashi mezani akaenda kunywa chai.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, liko mahali pasipoonekana. Brashi zinazosifiwa zaidi hutengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Kila unywele ni keratini iliyofunikwa magamba yaliyopandana kama vigae vya paa, mnene katikati na mwembamba nchani. Fundi huzipanga ncha hizo zilivyoota, bila kuzikata, kwa hiyo mkasi hauwezi kurudisha ncha iliyoharibika. Mianya kati ya nywele huvuta wino, na haiuvuti kuelekea karatasini peke yake. Huupandisha pia hadi kwenye noleo, ile pete ya chuma inayokaza nywele, nao hukaukia humo. Chembe zikijazana, zinazitanua nywele kutoka kwenye shina. Mwenye brashi huona ncha imepasuka, akailaumu ncha.

Kwa hiyo usichovye zaidi ya nusu ya nywele, na unapoosha, shughulikia shina. Suuza kwa maji baridi au ya uvuguvugu; ya moto hulegeza gundi iliyomo ndani ya noleo. Kama wino una shelaki, paka sabuni laini ya mche kiganjani, zungusha brashi taratibu, kisha ukamue kwa vidole kuanzia noleo kuelekea nchani. Rudia mpaka povu liache kuwa jeusi. Nywele zikibaki na rangi ya kijivu, ziache. Sabuni ya unga ni kali mno, huondoa mafuta ya nywele na kuyanyanyua magamba.

Maji hulegeza vifungo vya haidrojeni ndani ya keratini, navyo hujifunga upya unywele unapokauka. Umbo utakaloiacha nalo brashi ndilo itakalokauka nalo. Ichonge ncha kwa vidole, si kwa midomo. Kuanzia mwaka 1917, wasichana waliopaka rangi nyuso za saa katika kiwanda cha Orange, New Jersey, Marekani, walifundishwa kuchonga brashi kwa midomo, na rediamu iliyokuwa kwenye rangi ikaozesha mataya yao.

Usiisimamishe brashi mbichi kikombeni nywele zikiwa juu, maji yatashuka kwenye noleo. Brashi nyingi za Kichina zina kitanzi mwishoni mwa mpini, ili zitundikwe ncha ikiangalia chini. Isiyo na kitanzi ilazwe. Isifungiwe kwenye kopo ingali na unyevu, hasa kwa wanaoishi pwani, ambako ukungu hauchelewi.

Ikishakauka huja nondo wa nguo. Viwavi wake ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoweza kusaga keratini, kwa kuwa tumbo lao hukata vifungo vya salfa vinavyoipa uimara. Hupenda giza na mahali pasipoguswa, kwa hiyo brashi wanazozila zaidi ni zile za akiba.