Mshubiri wa Marehemu Mama Wahamishwa Chungu

Na Mwandishi Wetu

Katika baraza ya nyumba ya dada yangu mjini Mbinga, mwezi wa Julai, nilikuta kopo kuukuu la mafuta ya kupikia lililoliwa na kutu, na ndani yake mshubiri uliokuwa ukifa. Majani yake, ambayo zamani yalisimama wima kama panga, yalikuwa yamelala ukingoni mwa kopo, laini na ya manjano. Ukiyabonyeza, kidole kinazama. Dada alisimama kando yangu akiwa amejifunika kitenge mabegani kwa sababu ya baridi. "Mdogo wangu," alisema, "naumwagilia kila asubuhi, wala sijaukosesha hata siku moja. Sijui unataka nini tena."

Mshubiri huo haukununuliwa dukani. Marehemu mama yetu aliupanda Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na kwa miaka mingi ulikaa pale mlangoni kama mmoja wa watu wa nyumba. Mtoto akiungua kwa chai, jani lilikatwa na ute wake ukapakwa. Mtoto akigoma kuacha kunyonya, utomvu wa manjano ulitiwa matitini, na ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo. Msomaji aliyelelewa hivyo hahitaji kuelezwa maana ya chungu kama shubiri. Mama alipofariki, tuligawana vitu vyake vichache na dada mkubwa akalichukua kopo. Sisi wengine, tulio Songea, Mbeya na Dar es Salaam, kila mmoja aliomba chipukizi, naye akawa anatujibu ngojeni kwanza, usije ukaumia. Mimi sikuwa na uso wa kudai sana. Mama aliwahi kunipa chipukizi langu mwenyewe, nikalipeleka Dar es Salaam, nikaliua kwa masika moja tu.

Kutoka Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hadi Mbinga mjini ni kilometa 66 za barabara, siku hizi ya lami. Kwa abiria ni mwendo mfupi. Kwa mmea ni kuhamia nchi nyingine. Ziwa liko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake hukausha udongo wa kopo katika siku chache. Mbinga iko juu, katika nchi ya milima ya Wamatengo, ambako Juni na Julai watu huota moto jioni na udongo uliolowa leo hukutwa umelowa wiki ijayo. Dada alihamisha mmea, lakini pamoja nao alihamisha desturi ya kumwagilia ambayo hata Mbamba Bay mama hakuwa nayo. Mama alikuwa akiusahau. Nadhani ndiyo maana uliishi.

Yafaa ieleweke kwa nini. Mshubiri ni katika ile mimea minofu inayoweka akiba ya maji majanini. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji juani. Mshubiri hufungua vya kwake usiku, wakati wa ubaridi, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Mmea wenye uchumi wa namna hiyo hauna matumizi ya maji ya kila asubuhi. Yanabaki udongoni, yanajaza nafasi zilizokuwa na hewa, mizizi inakosa pumzi, na kuvu wa kuozesha wanaingia. Kisha hutokea jambo linalowadanganya wengi: mmea uliooza mizizi hushindwa kunywa, majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu, na bibi wa nyumba mwenye huruma anaongeza maji.

Jirani wa dada, mama wa makamo mwenye shamba mlimani, alitusikiliza akacheka. Yeye hulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama macho ya wavu: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, na mvua ikinyesha maji yanatuama shimoni badala ya kuteremka na rutuba. Maharage na mahindi yanaota juu ya kingo. "Sisi kazi yetu ni kuyakamata maji," alisema, "na nyinyi mnataka yakimbie." Ndivyo hasa ilivyo. Udongo mwekundu wa milima hiyo, ambao ni baraka kwa maharage, ukiujaza peke yake katika kopo la mshubiri umeutengenezea kaburi.

Kwa kawaida wakati mzuri wa kubadilisha chungu katika Mkoa wa Ruvuma ni Septemba na Oktoba, baridi ikiwa imekwisha na mvua za kuanzia Novemba au Desemba hazijafika. Mmea unakuwa umeamka na udongo unakauka upesi. Lakini kuoza hakungoji majira. Tuliamua kuutoa siku ile ile.

Kopo lilipasuliwa kwa mkasi wa bati, kwani kuuvuta mshubiri kwa majani ni kuung'oa shingo. Chini hapakuwa na tundu hata moja. Huko Mbamba Bay kutu ilikuwa imetoboa ubavu na maji yakapata njia. Mbinga, dada alikuwa ameziba ubavu huo kwa lami ili udongo usichafue baraza. Harufu iliyotoka sitaieleza katika ukurasa unaosomwa mezani. Mizizi mizima ya mshubiri ni minene kiasi, migumu, ya rangi ya udongo mkavu. Hii ilikuwa myeusi na ilitoka ganda mikononi kama uzi uliolowa. Kuoza kulikuwa kumepanda hadi ndani ya shina.

Dada hakutaka kukata. Alikaa juu ya kigoda akiutazama, na kwa dakika kadhaa hatukusema neno. Hatimaye aliingia ndani akarudi na kisu, akanipa mimi.

Nilikata kutoka chini kwenda juu, kipande baada ya kipande, nikikifuta kisu kila mara, mpaka ndani ya shina pakaonekana peupe pasipo alama ya kahawia. Palibaki kichwa cha majani sita, bila mzizi hata mmoja. Machipukizi yalikuwa saba: manne yalikuwa yameoza pamoja na mama yao, matatu yalikuwa na mizizi yake mwenyewe, mizima. Vidonda vyote tulivipaka unga wa mkaa, tukaviweka vitu hivyo juu ya gazeti, kivulini, penye hewa. Machipukizi yalikaa siku tatu. Kichwa kilikaa zaidi ya wiki, mpaka kidonda kikafunga ganda kavu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa kuona ukatili kuuacha mmea nje ya udongo. Mshubiri una chakula chake na maji yake. Kinachouua ni kidonda kibichi kukutana na udongo uliolowa.

Siku hizo za kungoja zilitufaa. Kijana wa jirani aliyekuwa akienda Mbamba Bay kununua usipa alituletea mfuko mdogo wa mchanga mnene wa ziwa. Nyasa ni ziwa la maji baridi, hivyo mchanga wake hauna chumvi; msomaji wa Dar es Salaam au Tanga asiige kwa kuchota ufukweni, bali atumie mchanga wa mto. Tulichanganya sehemu mbili za mchanga huo, moja ya udongo wa bustani na moja ya mboji iliyooza sawasawa. Maganda ya kahawa, yanayopatikana kwa wingi Mbinga, tuliyaacha: mabichi hushika unyevu.

Chungu kilikuwa cha mama pia, kidogo, cha mdomo mpana, alichokinunua kwa Wakisi, wale wafinyanzi wa pwani ya ziwa hilo upande wa Kyela na Ludewa. Chungu kisichopakwa rangi hutoa jasho. Jasho hilo hilo linalopoza maji ya mtungi ndilo linalokausha udongo, jambo ambalo bati na plastiki haziwezi. Tulikiloweka usiku kucha, tukakitoboa kitako kwa kuzungusha msumari taratibu bila kugonga. Kwa kuwa ni cha duara, tulikikalisha juu ya kata ya majani makavu. Kigae kimoja kilitosha kuzuia udongo usitoke tunduni. Kurundika kokoto chini, kama wengi tulivyofundishwa, hakusaidii. Maji hutuama juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Wala chungu kisiwe kikubwa. Kikizidi mizizi kwa vidole viwili kinatosha.

Kisha hatukumwagilia. Wiki moja kwa machipukizi, na kwa kile kichwa, mpaka kilipovutwa kidogo kikakataa kutoka. Dada alipata taabu zaidi na sharti hilo kuliko na kisu.

Jambo moja niliongeze, kwa kuwa jirani aliuliza kama achimbe wa porini. Mshubiri wa majumbani asili yake ni Arabuni, na watafiti huitaja milima ya kaskazini ya Oman. Jamii nyingine za mishubiri huota zenyewe katika miamba ya Afrika Mashariki, baadhi zina sumu, na zote za porini zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa mwaka 1973. Tuziache zilipo. Na utomvu wa manjano, hata wa ule wa nyumbani, ni haluli kali. Mama mjamzito asiunywe.

Chipukizi moja lilikwenda Songea, moja Mbeya. La tatu nilisafiri nalo hadi Dar es Salaam, mizizi mikavu imefungwa katika gazeti. Mwezi wa Oktoba dada alinipigia simu kwamba kichwa cha mama kimetoa jani jipya katikati, fupi kama ukucha. Akaniuliza langu nimelipa maji mara ngapi. Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza nisilimwagilie tena mpaka aniambie. Bado hajaniambia.