Mgeni Aliyedumu Kuliko Wote Kando ya Kiti cha Enzi

Kwa zaidi ya miaka 190 rekodi ya mwenzi wa mtawala wa Uingereza aliyedumu muda mrefu zaidi ilishikwa na mwanamke wa Kijerumani. Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz aliingia London mwaka 1761 akiwa na miaka 17, akakutana na Mfalme George III kwa mara ya kwanza, na usiku huohuo wakafungishwa ndoa. Alimzalia watoto 15, akabaki malkia miaka 57 na ushei hadi alipofariki mwaka 1818. Katika wake na waume wote wa watawala wa Uingereza hakutokea wa kumfikia hadi Aprili 2009, na aliyempita alikuwa mgeni vilevile: Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili.

Philip alizaliwa tarehe 10 Juni 1921 kisiwani Corfu, Ugiriki, juu ya meza. Alikuwa mwanamfalme wa Ugiriki ingawa nasaba yake ilikuwa ya Kidenmarki na Kijerumani; babu yake alikuwa kijana wa Kidenmarki aliyechaguliwa na Wagiriki awe mfalme wao mwaka 1863. Alipofariki tarehe 9 Aprili 2021 alikuwa ametimiza miaka 69 akiwa mume wa malkia, na miaka 73 ya ndoa. Ilibaki miezi miwili tu atimize miaka 100. Hakuna mwanamume wa ukoo wa kifalme wa Uingereza aliyewahi kuishi muda mrefu hivyo.

Alistaafu akiwa na miaka 96, Agosti 2017, na makarani wa kasri wakatoa hesabu yao: shughuli 22,219 alizohudhuria peke yake tangu 1952, safari 637 za nje bila mkewe, hotuba 5,496. Ukigawa, ni karibu shughuli moja kila siku kwa miaka 65. Rubani naye alikuwa; aliendesha ndege za aina 59. Binafsi takwimu za namna hii hazinisisimui sana. Mtu akiishi muda mrefu na shajara yake ikiandikwa vizuri, tarakimu hupanda zenyewe.

Afrika Mashariki imo katika hesabu hiyo. Alikuwa na mkewe Sagana, karibu na Nyeri, tarehe 6 Februari 1952 habari za kifo cha Mfalme George VI zilipofika, na yeye ndiye aliyempa mkewe taarifa hiyo. Siku hiyo ndiyo iliyomfanya Elizabeth malkia, na ndiyo iliyokomesha ndoto ya Philip ya kupanda vyeo katika jeshi la majini. Kisha akarudi kushuhudia bendera ya himaya ikishuka: Dar es Salaam Desemba 1961, na miaka miwili baadaye Zanzibar na Nairobi katika wiki moja, tarehe 10 na 12 Desemba 1963. Kati ya hizo tatu, dola iliyoishi muda mfupi kuliko zote ni ya Sultani Jamshid wa Zanzibar. Alikabidhiwa Desemba, kufikia tarehe 12 Januari 1964 ilikuwa imepinduliwa.

Lakini la ajabu zaidi kwa Philip ni jamaa aliotoka kwao. Philip alifukuzwa nchi kabla hajajua kutembea vizuri. Wagiriki walikuwa wameshindwa vitani huko Asia Ndogo, baba yake akashtakiwa kwa kushindwa huko na kuhukumiwa uhamishoni, na Desemba 1922 manowari ya Kiingereza ikawachukua. Mtoto alilazwa ndani ya kreti la machungwa. Walipofika Paris hawakuwa na nchi wala fedha za kutajika. Mwaka 1930 mama yake alipelekwa sanatoriamu Uswisi kwa ugonjwa wa akili, na baba akaishia Monte Carlo. Dada zake wanne, wote wakubwa kwake, waliolewa mmoja baada ya mwingine kati ya Desemba 1930 na Agosti 1931, kila mmoja na mwana wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani. Mvulana wa miaka kumi akabaki wa shule za bweni na likizo kwa ndugu.

Alipokuwa na miaka 16, ndege iliyombeba dada yake Cecilie ilianguka karibu na Ostend, Ubelgiji. Walikufa Cecilie, mumewe, watoto wao wawili wa kiume na mama mkwe. Cecilie alikuwa mjamzito, na mabaki ya kichanga yalikutwa kwenye kifusi.

Arusi ya Philip na Elizabeth, Novemba 1947, ilitangazwa kwa dunia nzima kwa redio, lakini dada watatu waliobaki hawakualikwa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu, na mume wa mmoja wao alikuwa afisa wa SS ya Hitler. Philip mwenyewe alikuwa amepigana upande wa pili, katika manowari za Uingereza. Kwa damu, hata hivyo, bibi na bwana arusi walikuwa wa mti mmoja: wote wawili vilembwe wa Malkia Victoria. Damu hiyo iliitwa kazini tena mwaka 1993, wanasayansi walipoomba sampuli yake ili watambue mifupa ya familia ya Tsar wa Urusi iliyouawa mwaka 1918. Bibi mzaa mama wa Philip na Malkia Alexandra wa Urusi walikuwa ndugu wa tumbo moja, na vinasaba vikalingana.

Katika ukoo huo wote, ningempa tuzo mama yake, Alice. Alizaliwa kiziwi katika Kasri la Windsor mwaka 1885, akajifunza kusoma midomo kwa lugha kadhaa. Wajerumani walipoikalia Athens alibaki mjini, akamficha mjane wa Kiyahudi, Rachel Cohen, na wanawe nyumbani kwake kwa zaidi ya mwaka. Maafisa wa Gestapo walipokuja kumhoji, alijifanya haelewi wanachosema. Uziwi ukawa ngao. Wakati huohuo wakwe zake walikuwa katika jeshi la Hitler. Hakutangaza kwamba aliwaficha akina Cohen, wala wanawe hawakuwa wakilijua jambo hilo. Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayowakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilimtunukia heshima ya Mwenye Haki Kati ya Mataifa mwaka 1993, miaka 24 baada ya kifo chake.

Alizeekea katika Kasri la Buckingham akivaa mavazi ya kitawa, na aliacha wosia azikwe Yerusalemu. Inasimuliwa kwamba jamaa walimlalamikia kuwa kaburi litakuwa mbali mno kwao kulizuru. Akawajibu kuwa mabasi ya kwenda huko yapo, tena mazuri. Mwaka 1988 mabaki yake yakahamishiwa Mlima wa Mizeituni, hukohuko Yerusalemu.