Gari Limenyanyuliwa? Soma Tairi Kwanza

Juzi mdogo wangu alinitumia picha ya Prado ya zamani iliyonyanyuliwa, matairi makubwa, dashibodi inasoma kilomita 120,000. "Kaka, nitoe advansi?" Nikamwambia subiri, nisomee ubavuni mwa tairi.

Prado hiyo ilitoka kiwandani na 265/70R16, kipenyo cha milimita 777 hivi. Sasa imevaa 285/75R16, milimita 834. Dashibodi haipimi barabara, inahesabu mizunguko tu. Tairi likikua kwa asilimia 7, kila mzunguko unaenda mbali zaidi na mita haijui. Kama ilikuwa sahihi mwanzo, ikisema 100 wewe uko 107 (na tochi ya trafiki haina huruma). Zile 120,000, kama zote zilitembelewa na matairi haya, ni karibu 128,700.

Breki ndiyo inanitisha zaidi. Ukikanyaga vilevile, nguvu inayofika barabarani kupitia tairi kubwa inapungua kwa karibu asilimia 7. Springi ndefu nazo zinapandisha kitovu cha uzito, kwa hiyo kwenye kona gari linapinduka kirahisi zaidi.

Nimemwambia amuulize muuzaji springi na matairi ya mwanzo yako wapi. Ameuliza. Bado hajajibiwa.