Nishati ya nyundo na mkazo wa nguzo

Neno *nguvu* limebebeshwa mzigo usio wake. Katika habari za ujenzi nyundo ina nguvu, pigo lina nguvu, na nguzo nayo hupasuka kwa nguvu. Fizikia hutenganisha dhana hizi. *Nishati* ni uwezo wa kufanya kazi, nayo hupimwa kwa jouli. *Mkazo* (ngeli ya u-/i-, kutokana na *kaza*) ni kani ya ndani ya kitu ikigawanywa kwa eneo la mkato wake, nao hupimwa kwa paskali. Wanaisimu hulitumia neno hilohilo kwa silabi itamkwayo kwa nguvu zaidi.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Nyundo ya tani 5 ikiangushwa kutoka mita 1.2 hubeba takriban kilojouli 59. Ya tani 10 kutoka mita 0.6 hubeba kiasi kilekile. Hata hivyo, ya kwanza hukigonga kichwa cha nguzo kwa kasi ya mita 4.9 kwa sekunde, ya pili mita 3.4, na mkazo wa pigo hufuata zaidi kasi. Nishati huizamisha nguzo. Mkazo ukizidi huipasua. Fundi anayeambiwa “punguza nguvu” apunguze kipi?

Kando ya Ziwa Victoria mtu angedhani cha kuogopwa ni miamba ya Mwanza pekee. Kweli, wimbi la mgandamizo lishukalo ndani ya nguzo likikuta mwamba hurudi likiwa mgandamizo bado, na ncha huelemewa. Lakini katika tope laini ncha haina kizuizi: wimbi hurudi likiwa la kuvuta. Zege huvumilia kugandamizwa kuliko kuvutwa, basi hupata nyufa kule chini kusikoonekana, wakati nguzo inazama kwa urahisi na kila mtu amefurahi.

Vitenzi navyo vichunguzwe. *Hupigiliwa* au *hukitwa* nguzo iliyokwisha kutengenezwa. Nguzo za msingi za Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza na lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, hazikupigiliwa: mashimo yalichimbwa kwanza, kisha zege likamiminwa humo. *Kushindilia* nako kuachiwe udongo.