Je, Wajua? Cheche Lililozimwa Baada ya Mwaka Mmoja

Je, wajua kuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kuwa na jarida lao la mrengo wa kushoto, likapigwa marufuku wakati nchi yenyewe ikihubiri Ujamaa? Liliitwa Cheche. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969, chini ya umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha.

Usidhani palikuwa na ofisi ya maana. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikadurufiwa, kurasa zikapangwa na kubanwa pini kwa mkono. Jina lilikuwa la Kiswahili, ila makala nyingi zilikuwa za Kiingereza!

Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba andiko refu la Issa Shivji, wakati huo akiwa kijana bado, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyofichika Tanzania. Alihoji ni nani hasa aliyenufaika na utaifishaji. Novemba mwaka huohuo, jarida na USARF vyote vikafungwa. Sababu iliyotolewa? Eti jina lilitokana na Iskra (yaani “cheche” kwa Kirusi), gazeti la Lenin, na Tanzania haikuhitaji kuazima itikadi ya kigeni.

Wanafunzi hawakunyamaza. Mwaka 1971 likatoka jarida jingine, safari hii kwa jina lisilo na ugeni wowote: MajiMaji.